Mteja wa Pili ni Nani?

Mwanangu,

Baba yako kaniambia jana usiku, tena kwa kunong'ona kama anayetoa habari ya msiba, kwamba barua ya kuacha kazi umeshaipeleka. Kumbe muda wote niliokuwa nakuuliza ukanijibu "bado nafikiria, Mama", ulikuwa unahesabu siku za notisi. Haya. Sikuandikii ili nikurudishe nyuma. Barua ikishapokelewa imepokelewa.

Nimekaa na ule mpango wa biashara yako ya ukocha wa viongozi, hiyo kazi ya kuwasaidia mameneja wajue kuongoza watu, uliomtumia Baba. Nimeusoma wote, hata kurasa za nembo na rangi. Umeandika vizuri. Pale unapoeleza kwamba mtu hupandishwa cheo kwa sababu ni hodari wa kazi yake, kisha akakabidhiwa watu kumi bila mtu yeyote kumwonyesha namna ya kuwaongoza, nilirudia kusoma. Ni kweli tupu, na umelisema bila makeke. Lakini lile jedwali la mapato! Miezi kumi na miwili na kiasi ni kile kile, Januari sawa na Julai, Julai sawa na Desemba. Mimi nimezeekea kwenye uhasibu na sijaona safu ya fedha iliyonyooka namna hiyo isipokuwa ya mshahara. Ndipo nikashuka chini kutafuta majina ya wateja. Jina moja. Tena kampuni ile ile unayoiacha.

Mteja wa pili ni nani?

Usinielewe vibaya. Kupewa kazi ya kuwanoa mameneja wao baada ya kuondoka ni heshima, na wengi wanaoingia kwenye ukocha wa viongozi huanza kwa mwajiri wao wa zamani. Ila mwenye mteja mmoja bado ameajiriwa, tofauti yake ni kwamba sasa hana likizo yenye malipo wala wa kumwombea ruhusa akiugua. Mambo yakibana, bajeti ya mafunzo huwa ya mwanzo kuguswa. Hawatakuita kikao. Utaandikiwa mistari miwili kwamba mradi umesitishwa hadi taarifa nyingine. Ya mjomba wako na yale malori unayajua, siyarudii.

Na hata wasiposimamisha, hela haiji siku unayoitaka. Kampuni kubwa hulipa ankara kwa siku 30, nyingine 60, nyingine hata 90, na hesabu hiyo mara nyingi huanza pale karatasi inapokubaliwa, siyo pale unapoituma. Namba ya oda ikikosewa tarakimu moja inarudi, unaanza upya. Nilikaa upande wa pili wa dirisha la malipo miaka mingi. Walikuja watu waungwana kabisa wakasimama na bahasha zao, nikawaambia wajaribu wiki ijayo, nikaenda nyumbani nikalala. Sikujiuliza wao wanalalaje.

Kwa hiyo omba sehemu ya malipo kabla ya kuanza, na usione haya. Usiuze saa moja moja. Saa moja ya mazungumzo ina maandalizi yake, ina maelezo ya kuandika baadaye, ina ujumbe wa kupanga na kupangua tarehe pale mkubwa anapoahirisha dakika ya mwisho. Uza miezi sita kwa bei moja, iandikwe vikao vingapi, na kikao kikiahirishwa siku hiyo hiyo kihesabike kuwa kimefanyika. Baba yako anasema hiyo ni roho mbaya. Baba yako hajawahi kutoza mtu chochote.

Lakini hata fedha tungeweza kusaidiana. Hofu yangu ina mzizi mwingine, na ndiyo maana nang'ang'ania huyo wa pili.

Utakaa na meneja mmoja wa hapo. Atafunga mlango. Akishakuzoea atakwambia kwamba anaiogopa timu yake, au hawezi kumwambia bosi wake ukweli, au anatafuta kazi kwingine. Wiki inayofuata mkuu wa rasilimali watu atakupigia simu, kwa upole tu: "Yule wetu anaendeleaje? Tumpe ile idara au tusubiri?" Anayeuliza ndiye anayesaini malipo yako. Aliyekuamini ni yule mwingine, na yeye hakulipi hata senti. Kama huyo anayeuliza ndiye mteja wako pekee, na kodi ya nyumba inadaiwa, utafanya nini? Utasema hukutaja chochote, uliguna tu. Kuguna kunatosha, mwanangu. Mtu ananyimwa cheo kwa mguno.

Ndiyo maana mkataba wako uwe wa pande tatu tangu mwanzo: kampuni, meneja anayesaidiwa, na wewe. Kaeni wote watatu kabla ya kikao cha kwanza. Iandikwe waziwazi kwamba kampuni itajua malengo mliyokubaliana na kama vikao vinahudhuriwa, basi. Mengine yote yatasemwa na mwenyewe kwa kinywa chake, mtakapokutana tena watatu mwishoni. Sheria ikilazimisha jambo, au ikiwa uhai wa mtu uko hatarini, hilo nalo liandikwe mapema. Katika mpango wako usiri umepewa nusu sentensi, nembo imepewa kurasa tatu.

Unapenda kumtaja Marshall Goldsmith, yule kocha wa viongozi wa Marekani aliyejulikana kwa kutopokea malipo mpaka watu wanaomzunguka kiongozi wathibitishe kwamba amebadilika. Mfano mzuri. Ila aliweza kusubiri, na aliweza pia kumkataa kiongozi asiyetaka kubadilika. Wewe mwenye jina moja kwenye jedwali utamkataa nani?

Nimeangalia na masharti ya vyeti, maana ulimwambia dada yako kwamba ukishapata cheti wateja watajileta. Katika nchi nyingi kazi hii haina leseni ya serikali. Mtu anaweza kuamka asubuhi akajiita kocha wa viongozi, na hakuna wa kumkamata. Hivyo cheti kina maana, sikatai. Lakini hao ICF, shirikisho la kimataifa la makocha lililoanzishwa mwaka 1995, kwa ngazi yao ya kwanza ya ACC wanataka mafunzo ya saa 60 na saa 100 za kukocha watu, 75 kati ya hizo ziwe za kulipwa, tena kwa wateja wasiopungua 8. Ngazi inayofuata, PCC, ni saa 500 na wateja 25. Umeona? Hata wao wanahesabu vichwa. Cheti hakikuletei wateja. Wateja ndio wanaokupeleka kwenye cheti.

Najua una kipaji. Wenzako wa kazini wanakuja na matatizo yao kwako, siyo kwa bosi wao, na huwa unauliza swali moja kisha unanyamaza mpaka mtu anajijibu mwenyewe. Hicho kimya chako ndicho watakachokulipia. Nyumbani kilikuwa kinaniudhi sana, nilidhani ni kiburi.

Sasa fanya hivi kabla notisi haijaisha. Toa mkataba wako wa ajira usome kifungu cha mwisho mwisho, kile kinachokataza kufuata wateja wa kampuni au kufanya kazi inayoshindana nayo. Usipokielewa, mlipe mwanasheria akusomee. Kisha andika majina ya watu uliowahi kufanya nao kazi ambao sasa wako kwingine: yule aliyehamia hospitali, yule aliyepewa shule, wale wawili walioanzisha kampuni yao wakaanza kugombana. Wapigie. Usiwauzie kitu, waulize wanahangaika na nini kwenye kuongoza watu, usikilize. Kazi hii huletwa na mdomo wa mtu aliyeridhika, na maneno ya hekima unayobandika kila asubuhi na picha ya machweo hayajamleta mtu, nimekuwa nikifuatilia. (Ndiyo, nayaona. Dada yako ndiye aliyenifungulia akaunti.)

Tafuta pia kocha mkongwe utakayekuwa unampelekea kazi yako aitazame. Utakaa peke yako mno. Ofisini palikuwa na mtu wa kukwambia umekosea. Huko utakuwa na wateja tu, na wengi wao watakusifu. Na akija mtu ambaye tatizo lake si uongozi, ambaye halali na anazungumzia kufa, usijifanye unaweza. Mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili siku hiyo hiyo.

Akiba uliyotaja inatosha miezi minne. Nimepiga hesabu na ile ankara ya siku 90, inabaki mmoja. Bandu bandu huisha gogo, na lako ni jembamba. Tukubaliane hivi: ukishakuwa na watatu waliosaini, huyo wa kampuni yako akiwa mmoja wao, mimi nafunga mdomo. Kabla ya hapo nitakuuliza kila nikikupigia, na usikate simu ukidai mtandao.

Baba ameshaanza kuhamisha vyombo vyake vya ufundi kutoka chumba chako cha zamani, anasema utahitaji mahali patulivu pa kuzungumzia na watu kwa video. Hajasema neno kuhusu uamuzi wako, anabeba masanduku tu, na mgongo wake unajua ulivyo. Njoo Jumamosi umsaidie kabla hajaumia, na uje na hayo majina. Kufuli la mlango huo limeharibika, mtu yeyote anaweza kuingia ukiwa katikati ya mazungumzo, kwa hiyo pita ununue jipya.

Dada yako ameuliza kama kompyuta ya ofisi lazima uirudishe. Nimemwambia lazima. Atakuazima ile yake ya zamani mpaka utakaponunua yako, ila betri haikai na picha za harusi yake zote zimo humo. Usifute kitu kabla hajazihamisha.

Mama yako