Ramani ya tope ibandikwe zahanati

Mhariri,

Ile habari yenu ya wataalamu wanaokokotoa kwa kompyuta jinsi tope la migodini linavyotiririka imenifanya nishike kalamu baada ya miaka 11 ya kulisoma gazeti lenu kimya. Mmeisifu hesabu, ila hamkuuliza majibu yake anapewa nani.

Hesabu siipingi. Tope la uchenjuaji, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kutolewa madini, hutulia bwawani kama uji uliopoa, ukadhani limeganda, kumbe likishiba maji na kutikiswa hulegea lote kwa mpigo na kukimbia. Kanuni za maji ya mto hazilitoshi. Lakini kwenye mgodi wa chuma wa Brumadinho, Brazil, hesabu ilikuwapo! Mpango wa dharura wa 2018 ulishaonyesha kwamba bwawa likipasuka, tope litafunika bwalo la chakula na ofisi. Bwalo likaachwa palepale. Tarehe 25 Januari 2019, mchana wa chakula, ving'ora havikulia na watu 270 wakapoteza maisha. Nasi hapa nchini, kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, bwawa la tope kama hilo lilipasuka Novemba 2022, tope likaingia mashambani na majumbani.

Kijijini kwetu, ambako si Mwadui, mhandisi alikuja mkutanoni na kompyuta mpakato, akatuonyesha ramani ya rangi nyekundu na njano, maandishi yote Kiingereza. Mama yangu akasimama: "Mwanangu, nyumba yangu iko kwenye nyekundu?" Akajibiwa, "Mama, hayo ni ya kitaalamu, usiwe na hofu." Kompyuta ikafungwa. Mama ana miaka 74 na goti bovu, analala bondeni chini ya ukuta wa bwawa la tope, halafu anaambiwa asiwe na hofu! Kama kompyuta inajua tope litamfikia mlangoni baada ya dakika ngapi, kwa nini mwenye mlango asijue? Na zile chupa za maji ya kisima chetu walizobeba kwenda kupima tangu masika ya mwaka juzi, majibu yako wapi? Tunayanywa hadi leo.

Ramani iandikwe Kiswahili, ibandikwe ukutani zahanati, pale kina mama wanaposubiri kliniki. Kila mwembe na kila nguzo ya umeme bondeni ipigwe mstari mwekundu kwenye kimo cha tope, na dakika ziandikwe chini yake kwa tarakimu kubwa. Ndoo ya kwanza ya rangi nitanunua mimi. Waanzie kwa mama.

Mkazi wa bondeni,
Kanda ya Ziwa