Wimbo naupenda, mwenye wimbo simjui

Mhariri, salaam na pole na kazi. Mimi mkazi wa Uyole hapa Mbeya, naomba kanafasi niseme langu la moyoni. Zamani kabla mwigizaji Kanumba hajafariki 2012 nikishuka Mwanjelwa lazima nirudi na DVD ya Bongo Muvi, sehemu ya kwanza na ya pili unalipia mbalimbali lakini tulinunua tu, jioni lile baridi la Juni linapiga, tumejifunika mablanketi sebuleni, majirani wamejaa mpaka mlangoni, mama anafuta machozi kwa khanga.

Leo unampa kijana wa kompyuta flashi anakujazia nyimbo kibao na muvi kwa hela ya chai na chapati, aliyeimba hapati hata mia. Juzi nimejaziwa, muvi tatu zinakatika katikati na nyimbo hazina majina, zimeandikwa namba tu, kuna mmoja wa kinubi, sauti ya mama mtu mzima, nimeurudia usiku kucha na sijui ni wa nani. Inaniuma kweli. Nataka kumlipa huyo mama, jamani nimlipe wapi?

Msomaji wenu, Uyole