Paka wa Pwani nae ana figo

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niseme hili la kumpa paka ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi, maana naona limezoeleka.

Hapa kwetu Tanga ukimwambia mtu asimpe paka samaki wa chumvi anakucheka, anakwambia paka wa Pwani kakulia kwenye chumvi, mbona wale wa mnada wa samaki wanashiba kila siku na hawafi. Na mimi nilikuwa nasema hivyohivyo mpaka siku nilipokaa kuwaangalia vizuri, kumbe wale wa mnadani wanakula matumbo na vichwa vya samaki mbichi, ng'onda wataipata wapi na bei yake ile!

Tusitishane lakini. Paka mzima figo zake zina nguvu, anakojoa mkojo mzito sana ili asipoteze maji, kwa hiyo akidokoa kipande kimoja na maji yapo pembeni haumwi chochote. Shida inakuja kumpa kila siku, tena nyumba yenyewe haina hata kibakuli cha maji ya paka, watu wanaamini maziwa yanatosha au atajitafutia maji mwenyewe chooni. Paka wa kilo 4 sodiamu anayohitaji kwa siku ni kama miligramu 42 tu, na kijiko kimoja cha chai cha chumvi kina zaidi ya miligramu 2,000, sasa piga hesabu mwenyewe. Akiwa mzee na figo zimeshachoka ndo balaa kabisa. Ukimuona anakunywa maji kupita kawaida, anatapika, anayumba au anatetemeka, usikae kusubiri kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Ukitaka kumpa samaki mchemshie pembeni kabla hujatia chumvi na vitunguu, mtoe na miiba. Na hivyo vitunguu mimi naviogopa kuliko chumvi yenyewe, vitunguu maji na saumu vyote vinaharibu damu ya paka, halafu sisi tunamwagia mchuzi juu ya ugali tunaona tumemfanyia hisani.

Ila kilichonifanya niandike hasa ni jambo jingine. Mwaka jana paka wa jirani alikula sumu ya panya, tukamshika watu watatu tukamnywesha maji ya chumvi glasi nzima ili atapike, kama tulivyoona wazee wakifanya. Tulipomfikisha kwa daktari akatugombeza sana, akasema chumvi nyingi namna ile peke yake inaweza kumuua paka, inavuta maji kutoka kwenye ubongo mpaka anapata degedege, tungemkimbiza kwake moja kwa moja na pakiti ya sumu mkononi. Alikufa usiku uleule. Jirani mpaka leo anailaumu sumu, mimi kila nikiiona ile glasi kabatini kwake nanyamaza tu.

Msomaji wako, Tanga