Risala ya Chama cha Sayansi kwa Mgeni wa Heshima, Mtafiti wa Bakteria wa Utumbo

Mgeni wa heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu, assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Daktari, karibu Malindi. Ulipoitikia mwaliko tulishangilia, kisha tukaingiwa na wasiwasi: mgeni ambaye kazi yake ni kuchunguza vinyesi anakaribishwa vipi mbele ya wazazi? Mwalimu mlezi alituonya neno hilo tusilitaje. Tumeshalitaja. Tunamwomba radhi yeye, si wewe.

Chama chetu kilianza kwa swali la tumbo. Mwenzetu mmoja alipata kidonda cha mguu, akapewa antibayotiki. Kidonda kikapona, akaanza kuharisha. Nyumbani wakalaumu samaki. Tulipomuuliza mwalimu wa Bayolojia, akatuambia tukatafute wenyewe, na huko ndiko tulikokutana na elimu unayoishughulikia.

Tulisoma kwamba mwili wa mtu mzima unakadiriwa kuwa na bakteria trilioni 38, idadi inayokaribiana na ya seli zake mwenyewe, na wengi wao wanaishi katika utumbo mpana. Tukamhadithia nyanya wa mwenzetu. Akasema, "Kumbe ni kama baraza. Likijaa wenyeji, mgeni mbaya atakaa wapi?" Tangu siku hiyo tumeacha kutafuta maelezo mengine.

Baraza hilo limepimwa zamani. Mwaka 1954 Marjorie Bohnhoff na wenzake, huko Marekani, waliwapa panya antibayotiki ya streptomisini kisha wakawalisha bakteria wa maradhi waitwao Salmonela. Panya wasiopewa dawa walihitaji kumeza bakteria kama 100,000 ndipo waambukizwe. Kwa waliopewa dawa, hata 10 hawakufika. Tulibishana hadi kengele ikalia, wengine wakishikilia kwamba sufuri zimekosewa chapa.

Aliyetutisha zaidi ni bakteria aitwaye Clostridioides difficile. Huyu hujifungia ndani ya spora, yaani ganda gumu, na kungoja. Wenyeji wa utumbo hugeuza asidi za nyongo zikawa za aina inayomzuia asikue. Antibayotiki ikiwafagia wenyeji, zinabaki zile zinazomwamsha, naye akishaamka hutoa sumu inayochoma utumbo. Mgonjwa huharisha, hupewa antibayotiki nyingine, hupata nafuu, kisha ugonjwa unarudi. Huko Uholanzi wagonjwa wa namna hiyo walitiliwa tumboni kinyesi cha watu wazima wa afya, kikiwa kimechanganywa na maji ya chumvi na kuchujwa. Matokeo yalitolewa 2013: kati ya wagonjwa 16, walipona 15. Waliotibiwa kwa antibayotiki ya vankomisini peke yake walikuwa 13, wakapona 4. Darasa zima lilicheka, kisha likanyamaza. Wenyeji walirudishwa barazani, basi.

Tulipojua kwamba spora hizo hazifi kwa spiriti ya kupaka mikononi, tuliweka jerikeni la bomba na sabuni ya kipande mlangoni pa vyoo. Sabuni huibwa. Maji nayo, Daktari, unaijua Malindi.

Kisha tulikubaliana kila mmoja atazame dawa zilizowekwa kwao. Tulikuta antibayotiki ya amoksilini iliyobaki ya mafua, na mafua ni ya virusi, hayasikii antibayotiki. Tulikuta kapsuli za rangi mbili ndani ya kipande cha gazeti, hazina jina wala tarehe. Mmoja wetu alikumbuka alivyotumwa dukani akanunue nne tu, akauziwa bila kuulizwa cheti cha daktari, ingawa sheria inakitaka. Duka hatulitaji. Wala hatumlaumu mama aliyemtuma, kwa sababu nauli ya hospitali na foleni yake vinazidi bei ya kapsuli nne.

Tunayo maombi. Hadubini yetu ni moja, na lenzi yake imeota kuvu kwa unyevu wa pwani, kwa hiyo kila tunachokitazama kina kuvu. Hatuombi bakteria hai, hatuna mahali salama pa kuwafugia. Slaidi zilizokwisha kutiwa rangi zitatutosha. Pia tunakuomba urudi siku moja uketi na mama zetu wa Barani na Muyeye, uwaeleze kwa nini mtoto anayeharisha huanziwa ORS, ile chumvi na sukari ya kuyeyushwa katika maji, pamoja na zinki, wala si kapsuli. Sisi tumejaribu. Tunaambiwa twende tukaoshe vyombo.

La mwisho ni swali ambalo mwalimu amelikwepa muhula mzima. Ndugu wawili, nyumba moja, chungu kimoja, wakanywa dawa ile ile kwa siku zile zile. Mmoja akaharisha, mwenziwe hakuhisi lolote. Je, baraza zao zilikuwa na wenyeji tofauti tangu mwanzo?

Tumekufumia mkoba wa ukili, umo mezani. Tafadhali upokee, kisha utujibu.

Ni sisi wanachama wa Chama cha Sayansi.