Kosa la mfanyakazi halifuti fidia yake

Mhariri,

Habari za ajali kazini mara nyingi huishia kwa neno moja: mfanyakazi "alizembea". Neno hilo linawaponza watu. Aliyekatwa vidole na msumeno akishaamini kwamba kosa ni lake, hadai chochote, na muda wa kudai unampita akiwa bado na bandeji.

Sheria za fidia katika nchi nyingi haziulizi kwanza nani mkosa. Ujerumani ilianzisha bima ya ajali kazini mwaka 1884, na Uingereza ikatunga sheria yake ya fidia mwaka 1897. Tangu hapo msingi umekuwa huu: mfanyakazi anathibitisha kwamba aliumia, na kwamba aliumia akiwa kazini kwa sababu ya kazi. Halazimiki kuthibitisha uzembe wa mwajiri. Kuteleza, kuchoka, hata kukosea kubonyeza swichi, kwa kawaida hakumnyimi haki. Kinachoweza kumnyima ni kujiumiza kwa makusudi, na sheria nyingine huongeza ulevi.

Wala ugeni kazini si kizuizi. Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, unakataza haki ya fidia ya ajali kutegemea muda aliofanya kazi mtu au michango aliyokwisha kulipiwa, na unawataja wanagenzi pia. Katika nchi zilizouridhia, aliyeumia siku yake ya kwanza ana haki sawa na mwenye miaka ishirini.

Basi madai hufia wapi? Hufia kwenye karatasi, na hasa pale msimamizi anaposema kwa upole: "Tutakutibu, usiandike." Bili ya kwanza inalipwa kweli. Miezi mitatu baadaye kidonda kimeingia kwenye mfupa, msimamizi amehamishwa, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba ajali ilitokea. Kumwambia bosi kwa mdomo hakutoshi. Taarifa iandikwe siku hiyohiyo, na kama mkono umeumia, mwenzake amwandikie. Itaje tarehe, saa, mahali, kazi iliyokuwa ikifanyika, mashine au kifaa, namna ajali ilivyotokea, kila kiungo kilichoguswa na majina ya walioshuhudia. Ziwe nakala mbili, na moja ibaki kwake ikiwa na sahihi ya aliyepokea au mhuri. Kila kiungo, nasisitiza: aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa huandika mguu uliovunjika akasahau mgongo, na mgongo ukianza kuuma wiki ya tatu anaambiwa hauhusiani na ajali.

Hospitali nako kuna mtego. Maneno ya kwanza anayoandika daktari ndiyo yanayosomwa kuliko yote. Mgonjwa aliyeshauriwa kusema "nilianguka nyumbani" amejifungia mlango, kwa sababu kadi hiyo itawekwa mezani siku ya madai. Aseme alikuwa kazini, aeleze alikuwa akifanya nini, kisha ahakikishe limeandikwa hivyo.

Hati za mshahara zitunzwe, kwa kuwa malipo ya muda na ya ulemavu wa kudumu hukokotolewa kutokana na kipato. Mwajiri aliyeandika mshahara mdogo kuliko anaoulipa hupunguza fidia pia.

Kiwango cha ulemavu wa kudumu hupimwa jeraha likishatulia. Kwa hiyo karatasi ya "nimepokea, sina dai tena" inayoletwa wodini isitiwe sahihi kabla ya daktari kutoa kiwango hicho, na kabla ya mtu wa chama cha wafanyakazi au wakili kuisoma.

Ombi langu kwa gazeti lako, Mhariri: mwandishi anapokwenda kwenye eneo la ajali, mbali na kuuliza nani alizembea, aulize pia kama taarifa ya maandishi imetolewa, lini, na nakala anayo nani.

Msomaji wako