Njiti asiyelia naye anaumia

Mhariri,

Kila tarehe 17 Novemba, Siku ya Mtoto Njiti, tunasikia habari za mashine na uzito. Kuna jambo moja silisikii, nami nimelibeba tangu mwanangu alazwe.

Alizaliwa wiki ya 30, kilo moja na gramu mia mbili. Siku ya tano nesi alikuja kumpima sukari. Akamtoboa kisigino, akakikamua hadi tone likatoka. Mtoto hakulia. Alikunja paji la uso na kufumba macho kwa nguvu, basi. "Huyu wala hajasikia," nesi akasema. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mashine: mapigo yalitoka 146 yakafika 171, oksijeni ikashuka.

Simlaumu yule dada, watoto walikuwa wengi na yeye peke yake. Ila baadaye daktari mmoja alinieleza kwamba tangu 1996 kuna kipimo cha maumivu ya njiti, kilichotengenezwa Kanada, kiitwacho PIPP. Mapigo yakipanda 25 au zaidi, hapo mtoto anapewa alama ya juu kabisa ya moyo, yaani 3. Ya mwanangu yalipanda 25 kamili. Mapigo peke yake hayatoshi, maana hupanda hata kwa njaa au homa. Ndiyo sababu wanatazama pia uso na oksijeni. Na aliyezaliwa mapema zaidi huongezewa alama, kwa kuwa hana hata nguvu ya kuonyesha kwamba anaumia.

Madaktari wakubwa nao walikosea. Mwaka 1985 huko Marekani mtoto njiti, Jeffrey Lawson, alipasuliwa akiwa amepewa dawa ya kulegeza misuli tu, bila ganzi. Mama yake, Jill, alipogundua hakunyamaza.

Siku mbili baadaye nesi mwingine alipokuja na kisindano, nilimwomba: "Dada, nisubiri nimweke kifuani kwanza." Akatazama saa, akakubali. Tulikaa kama robo saa, ngozi kwa ngozi, khanga juu yetu. Alipotobolewa mapigo yalifika 158, na kabla pamba haijakauka yalikuwa yamerudi.

Mtoto mmoja si utafiti, najua. Lakini kifua cha mama hakinunuliwi. Naomba wodi zetu zituite kabla ya kutoboa, na anayetoboa atupie jicho ile namba kabla hajasema mtoto hajasikia.

Mama wa njiti,
Morogoro