Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wetu na kale kakanisa ka Bradwell

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu na vijana, hamjambo nyote.

Mkutano mkuu uliopita mlinituma nitafute jengo moja la kale tulishike mwaka mzima, tuache ile tabia ya kuzunguka makumbusho matatu manne kwa siku moja alafu tunarudi nyumbani tumechoka na hakuna tunachokumbuka. Kamati ikakaa, ikakubali twende Bradwell-on-Sea, hapahapa Essex, Uingereza, kwa kanisa la St Peter-on-the-Wall, lile linalosimama peke yake ukingoni mwa bahari.

Nianze na la kuomba radhi. Basi tulilokodi safari ya kwanza lilichelewa saa moja na nusu na kuna mama zetu walisimama na watoto kwenye baridi, jamani poleni sana, nimelibeba hilo kama kosa langu maana mimi ndio nililipa. Nusu ya pesa tumerudishiwa, risiti iko kwa mweka hazina.

Sasa kanisa lenyewe. Unaacha gari, unatembea kama robo saa kwa njia iliyonyooka kati ya mashamba, upepo unakupiga usoni, mbele huoni kitu ila nyumba moja ndefu ya mawe na anga. Sio kubwa, urefu kama mita 15 tu. Lakini lilijengwa na Cedd yapata mwaka 654, yaani karibu miaka 1,370 iliyopita, na kuta zile zile bado zimesimama. Cedd alikuwa mtawa wa Lindisfarne, kaskazini kabisa, mmoja wa ndugu wanne wote mapadre. Mfalme Sigeberht wa Essex akaomba waalimu wa dini kutoka Northumbria, ufalme wa huko kaskazini, Cedd akatumwa, baadaye akawa askofu wa Wasaksoni wa Mashariki. Alipofika hapo alikuta magofu ya ngome ya Warumi iitwayo Othona, ngome ya kulinda pwani iliyojengwa karne ya 3, akajenga juu ya geti lake, ndio maana likaitwa la Petro ukutani. Mawe na tofali zote ni za Warumi zilizookotwa palepale, ukisogea karibu unaziona zile tofali nyembamba nyekundu zimebanwa pembeni mwa madirisha na kwenye nguzo za kuegemeza ukuta.

Kuna jambo moja la Cedd limewagusa wengi wetu, manake humu ndani tuko wakalimani kibao, wa hospitali, wa mahakama, wa shule za watoto. Mwaka 664 viongozi wa kanisa walikutana Whitby kubishana juu ya tarehe ya Pasaka, upande mmoja desturi ya Waairishi upande mwingine ya Roma, na aliyekuwa anawatafsiria wote wawili ni huyu Cedd. Bede, mtawa aliyeandika historia ya kanisa la Waingereza, aliandika kwamba alikuwa mkalimani makini sana. Mwaka huohuo akafa kwa tauni kwenye monasteri yake ya Lastingham, na watawa kama 30 wa huku Essex waliposikia wakasafiri mpaka huko wakae karibu na mwili wa baba yao, tauni ikawakuta hukohuko, wote wakafa akabaki mtoto mmoja tu. Nilipoisoma hiyo kwa sauti mle ndani watu walinyamaza, hata watoto.

Baada ya karne nyingi likaacha kuwa kanisa. Wakulima wakaligeuza ghala, wakabomoa kuta za kaskazini na kusini mikokoteni ipite, na sehemu ya mashariki ya altare, ile ya duara, ikapotea kabisa. Kuna wanachama walikasirika kusikia hivyo, nawaelewa, lakini mimi nimefikiria sana nikaona lile ghala ndilo lililoliokoa. Mtu anayeweka nafaka yake humo hawezi kuacha paa livuje. Lingebaki tupu, mawe yangebebwa mtu mmoja mmoja akajengee zizi lake, kama vile magofu yetu mengi ya pwani yalivyoisha.

Mwaka 1920 ndipo likatengenezwa na kuwekwa wakfu tena. Waliofanya ile kazi nawapenda bure, kwa sababu waliziba ile milango ya mikokoteni lakini hawakuificha. Ukisimama nje unaiona mpaka leo, pale ujazo wa mawe unapobadilika. Mzee wetu mmoja ambaye alikuwa fundi wa nyumba za mawe Lamu alisimama hapo muda mrefu, akapitisha kiganja kwenye mstari ule, akatwambia hapa ni ukuta, hapa ni mlango, hapa ni dawa. Kisha akawafundisha vijana kwa nini ukuta wa zamani unataka chokaa, sio simenti: simenti inakaza, maji yanakosa pa kutokea, tofali inaanza kumomonyoka kwa ndani. Wanetu waliozaliwa huku walimsikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi!

Ndani kuna mabenchi tu na altare ya mwaka 1985 iliyotiwa mawe matatu, moja la Lindisfarne, moja la Iona, kisiwa cha watawa kule Scotland, moja la Lastingham. Na msisahau jimbo la Kianglikana la Chelmsford, lenye kanisa hili, lina udugu wa miaka na majimbo ya Kianglikana ya Kenya, Embu, Meru, Kirinyaga, kwa hiyo wale mliolelewa huko hapo pia ni kwenu. Wanachama wetu Waislamu nao walikaa na sisi mwanzo mwisho, nawashukuru kwa moyo wote.

Pesa: ada zimeingia vizuri isipokuwa familia chache, tutaongea pembeni. Kamati inapendekeza robo ya ada iende kila mwaka kwenye sanduku la matunzo la pale, kidogo kidogo bila kukatika, badala ya harambee moja kubwa alafu tunasahau, maana ukuta kando ya bahari unaliwa kila msimu wa baridi. Tutapiga kura ya mikono leo baada ya chai.

Safari ijayo ni ile hija yao ya Jumamosi ya kwanza ya Julai. Basi ni la kampuni nyingine, saa mbili asubuhi kamili, majina mpe katibu kabla ya mwisho wa Mei, na tafadhali leteni viatu vya matope, koti, na sufuria mbili kubwa za pilau kama mara ya mwisho.